Waliotutangulia Hyattsville: Rangi, Kipato na Nyumba katika Kaunti ya Prince George's

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, jumuiya yetu hukutana kuimba Wimbo wa Taifa, kula pilau na kuwatazama watoto wakicheza ngoma walizofundishwa na mama zao. Siku hiyo tunasimulia historia ya nyumbani: TANU, Mwalimu Nyerere, Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro, na baadaye Muungano na Zanzibar. Ni desturi njema na tutaendelea nayo.

Lakini watoto wetu wengi wamezaliwa hapa. Ukimuuliza mmoja wao kwao ni wapi, atakutajia Tanzania kwa heshima ya wazazi, kisha atakwambia Hyattsville, au Riverdale, au Bowie. Hapo ndipo alipojifunza kuendesha baiskeli, na hapo ndipo rafiki zake walipo. Basi historia ya mahali hapo nayo ni yake. Katika toleo hili tumeona tuisimulie: nani waliishi hapa kabla yetu, nani walikatazwa kuishi, mlango ulifunguliwaje, na kwa nini siku hizi wengi wetu tunahangaika kubaki ndani.

DESEMBA 1961, PANDE MBILI ZA BAHARI

Tuanze na mwaka tunaoujua wote. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kileleni Kilimanjaro. Siku chache baadaye, tarehe 14 Desemba, Tanganyika ikaingia Umoja wa Mataifa, New York.

Wakati huohuo jimbo hili la Maryland lilikuwa na aibu yake. Wanadiplomasia wa nchi za Afrika zilizokuwa zimepata uhuru walisafiri kwa gari kati ya New York na Washington kwa kupitia barabara kuu namba 40, inayokatiza kaskazini mwa Maryland. Njiani migahawa mingi ilikataa kuwahudumia. Juni 1961 Balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alinyimwa huduma katika mgahawa mmoja wa barabara hiyo. Habari ikamfikia Rais Kennedy, kwa kuwa Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi kutafuta marafiki Afrika. Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kuwa na watu wa kuwabembeleza wenye migahawa wa Maryland, na wenye nyumba wa Washington waliokataa kuwapangisha mabalozi Weusi.

Wanaharakati Weusi na Wazungu hawakungoja kubembelezana. Novemba na Desemba ya mwaka huo waliingia migahawani wakakaa, wakakubali kukamatwa. Mingi ikaanza kufungua milango. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo iliyomaliza ubishi huo nchi nzima.

Kwa hiyo mwezi ule tuliopata uhuru wetu, Mtanganyika mwenye pasipoti mpya kabisa angeweza kushuka kwenye gari Maryland akanyimwa kikombe cha chai. Na Mmarekani Mweusi aliyezaliwa hapahapa angenyimwa vilevile, bila ya balozi wa kumlalamikia. Tukumbuke hilo tunapoendelea.

TUMBAKU, RELI NA MJI

Kaunti ya Prince George's iliundwa mwaka 1696, ikapewa jina la Prince George wa Denmark, mume wa Anne aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Utajiri wake wa kwanza ulikuwa tumbaku, na tumbaku ililimwa na watumwa. Kufikia sensa ya 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wa kaunti walikuwa watumwa. Hakuna kaunti nyingine ya Maryland iliyokuwa na watumwa wengi kuliko hii. Utumwa ulikomeshwa Maryland tarehe 1 Novemba 1864. Kwa kulinganisha, soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Babu wa watu wa Prince George's na babu wa watu wa mwambao wetu walikuwa katika minyororo zama zilezile.

Hyattsville yenyewe ilizaliwa na reli. Njia ya treni ya kutoka Baltimore hadi Washington ilifunguliwa mwaka 1835. Mfanyabiashara Christopher Clark Hyatt alinunua ardhi mwaka 1845 mahali ambapo reli na barabara ya Baltimore zilikaribiana, akafungua duka. Mji ukatambuliwa rasmi mwaka 1886. Wafanyakazi wa serikali wa Washington walijenga hapa nyumba za mbao zenye baraza pana, wakawa wanakwenda kazini kwa treni na baadaye kwa tramu. Baadhi ya nyumba hizo bado zimesimama, na bei zake leo tutazitaja mbele.

MSTARI WA RANGI

Ukitembea kusini kutoka Hyattsville kwa dakika chache unafika North Brentwood. Ni mji mdogo, lakini una jambo kubwa: mwaka 1924 ulikuwa mji wa kwanza katika kaunti hii kuundwa na Weusi na kujitawala wenyewe. Ardhi yake ilikuwa ya Wallace Bartlett, Mzungu aliyewahi kuongoza askari Weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Alipokata viwanja mwishoni mwa karne ya 19, vile vya bondeni, karibu na mto na vyenye kufurika maji, ndivyo vilivyouzwa kwa familia za Weusi. Viwanja vya juu, palipokuja kuitwa Brentwood, vikawa vya Wazungu. Watu wa bondeni wakajenga makanisa, shule na serikali yao. Katika miaka ya 1950 kizuizi kiliwekwa katika barabara ya Windom, kati ya Brentwood na North Brentwood, gari lisipite. Leo mahali pale pametengwa kuwa bustani ya kumbukumbu. Na jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi la kaunti hii lipo North Brentwood. Mtoto wa Hyattsville anaweza kulifikia kwa miguu.

Hyattsville nayo ilikuwa na mstari wake. Bustani kubwa ya jiji, ile ambayo familia zetu hufanyia sherehe za kuzaliwa na kuchoma nyama siku za joto, ilitokana na ardhi ya William Pinkney Magruder. Hati ya mwaka 1927 iliweka sharti kwamba bustani ni ya wakazi wa asili ya Kizungu peke yao. Kwa miongo mingi ikaitwa Magruder Park. Wakazi wa leo walipoirudia hati ile wakaona haifai, na mwaka 2021 bustani ikapewa jina la David C. Driskell. Huyu alikuwa mchoraji na profesa wa Chuo Kikuu cha Maryland, Mmarekani Mweusi, mkazi wa Hyattsville, mtu aliyefanya kazi kubwa kuwafundisha Wamarekani kwamba sanaa ya Weusi ni sanaa ya taifa. Alifariki Aprili 2020 wakati wa korona. Watoto wetu wanaocheza mpira pale wajue wanacheza kwenye nyasi ambazo zamani wangefukuzwa.

Tusidhani haya yalikuwa matendo ya watu wachache wenye roho mbaya. Serikali ilihusika. Greenbelt, mji wa mfano uliojengwa na serikali ya Rais Roosevelt na kufunguliwa mwaka 1937, ulijengwa kwa mikono ya vibarua Weusi na Wazungu, lakini Wazungu tu ndio waliopangishwa. Shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoanza mwaka 1934, lilipendelea mitaa ya Wazungu watupu na kukataa mitaa yenye Weusi. Askari Wazungu waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakapata mikopo rahisi, wakajaza vitongoji vipya. Mwaka 1940 kaunti ilikuwa na watu wasiofika 90,000. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 660,000, na wengi wao walikuwa Wazungu wa kipato cha kati. Ndiyo hali ya neema iliyowakusanya hapa: kazi ya serikali mjini, mkopo nafuu, nyumba yenye uwanja wa mbele, na sheria ya kimyakimya kwamba Mweusi asiwe jirani.

Sisi wa Dar es Salaam hatuwezi kushangaa sana. Tunaufahamu mji uliogawanywa na wakoloni kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini: Oysterbay yenye bustani na upepo wa bahari kwa Wazungu, mitaa ya katikati kwa Wahindi, na Kariakoo kwa Waafrika, huku viwanja vya Mnazi Mmoja vikiachwa wazi kama mpaka. Maofisa walisema ni kwa ajili ya afya na mpangilio. Hapa walisema ni kwa ajili ya kulinda thamani ya nyumba.

MIAKA ISHIRINI ILIYOGEUZA KAUNTI

Mlango ulifunguliwa kwa hatua. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema masharti ya rangi katika hati za nyumba hayawezi kutekelezwa na mahakama. Mwaka 1954 ikaharamisha utengano mashuleni. Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa Dk. Martin Luther King, Rais Johnson alisaini sheria inayokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Wakati huo kazi za serikali kuu zilikuwa zikiwafungukia Weusi wenye elimu, wengi wakiwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Howard na vyuo vingine vya Weusi. Walikuwa na mshahara, walikuwa na watoto, na walichoka na nyumba za kubanana za Washington. Wakavuka mpaka wa jiji kuingia Prince George's.

Takwimu za sensa zinaonyesha kasi ya mabadiliko. Mwaka 1970 Weusi walikuwa kama asilimia 14 ya wakazi wa kaunti. Mwaka 1980 walikuwa asilimia 37. Mwaka 1990 walivuka nusu, na mwaka 2000 walikaribia asilimia 63.

Katikati ya mabadiliko hayo palikuwa na vita vya shule. Wazazi Weusi waliishtaki bodi ya elimu, na Desemba 1972 mahakama ya shirikisho ikaamuru wanafunzi wachanganywe kwa mabasi. Utekelezaji ulianza Januari 1973, katikati ya mwaka wa shule, katika wilaya iliyokuwa miongoni mwa wilaya kubwa kumi za shule nchini. Familia nyingi za Wazungu ziliuza nyumba, zikahamia kaunti za mbali zaidi. Kati ya 1970 na 1980 idadi ya Wazungu katika kaunti ilipungua kwa zaidi ya 150,000. Mwaka 1978 wapigakura wakapitisha sheria ya kuweka kikomo kwenye kodi ya majengo. Kwa hiyo watoto Weusi walipoanza kujaa katika shule, mfuko wa kuziendesha shule hizo ukafungwa kamba. Mzazi yeyote kati yetu aliyekaa kwenye mkutano wa bodi ya shule akasikia kwamba fedha hazitoshi, ajue kilio hicho ni cha zamani.

Na bado likatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Sehemu nyingi za Marekani, Wazungu walipoondoka, kipato cha eneo kilianguka. Hapa kilipanda. Weusi waliohamia walikuwa wanasheria, walimu, wahasibu, maofisa wa jeshi na wakuu wa idara za serikali. Mitchellville na Woodmore zikajengwa nyumba kubwa zenye viwanja vya gofu karibu, na wenyewe wakawa Weusi. Mwaka 1994 Wayne Curry alichaguliwa kuwa Mweusi wa kwanza kuongoza kaunti. Kwa miaka mingi Prince George's ikasifika kuwa kaunti yenye Weusi wengi yenye kipato kikubwa kuliko zote nchini. Sifa hiyo ilihamia kwa jirani yake, Kaunti ya Charles, kama vyombo vya habari vilivyoripoti mwaka 2022. Na huko pia wengi walitoka Prince George's.

SISI TULIPOINGIA

Ndani ya mlango huo ndipo tulipopita sisi. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliondoa mgawo uliopendelea Wazungu wa Ulaya. Ilipitishwa katika wimbi lilelile la haki za kiraia. Sheria ya 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990, na familia nyingi za Kitanzania zilifika kwa njia hiyo. Wengine walikuja kusoma, wengine kwa kazi za ubalozi na Benki ya Dunia, wengine kuwafuata wenzi wao.

Tulifikia kwa ndugu. Tulikaa wanne au watano katika ghorofa za vyumba viwili, Langley Park, Hyattsville, New Carrollton. Tulitunza wazee majumbani, tuliendesha teksi, tulisomea uuguzi usiku. Pembeni yetu walikuwapo Wasalvador waliokimbia vita vya nchi yao vya miaka ya 1980, Wanigeria, Wakameruni, Waethiopia, Wajamaika. Leo zaidi ya mmoja kati ya wakazi watano wa kaunti ni Mlatino, na katika jiji la Hyattsville Weusi, Walatino na Wazungu wote ni mafungu makubwa, hakuna anayeweza kusema mji ni wake peke yake.

Tulichagua hapa kwa sababu tulizoziona: pango nafuu kuliko Montgomery, treni ya Metro, maduka ya vyakula vyetu, na jambo moja ambalo hatukulisema sana. Hapa mtoto wetu haonekani kituko. Mwalimu wake ni Mweusi, daktari wake ni Mweusi, diwani wake ni Mweusi. Mambo hayo matatu tuliyakuta tayari. Yaliletwa na wazazi waliokwenda mahakamani, na familia zilizonunua nyumba ya kwanza katika mtaa usiowataka.

Ndiyo maana maneno yanayosikika katika baadhi ya vikao vyetu, kwamba Wamarekani Weusi wamekaa na nafasi wakashindwa kuzitumia, yanatuumiza. Anayeyasema mara nyingi anaishi katika mtaa waliouhangaikia wao, na anasoma chuo walichokianzisha au kukifungua wao. Mgeni akifika karamuni akakuta wali umeiva, si vyema kuuliza wenyeji walikuwa wakifanya nini jikoni.

KIPATO SI MALI

Sasa tuseme jambo ambalo kila familia yetu inayofikiria kununua nyumba inapaswa kulijua. Sifa ya utajiri wa Prince George's ilikuwa sifa ya mishahara. Mshahara ni fedha inayoingia mwezi huu. Mali ni kile kinachobaki ukitoa madeni yote, ndicho kinachorithishwa. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba familia ya kati ya Kizungu nchini ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000, na familia ya kati ya Weusi takriban dola 45,000. Pengo hilo ni kubwa mno kuliko pengo la mishahara. Sababu yake tumekwisha kuieleza: wakati babu wa Kizungu alipopewa mkopo nafuu mwaka 1950, babu Mweusi alikataliwa, hivyo hakukuwa na nyumba ya kumwachia mwanawe.

Basi Weusi wa kaunti hii walinunua nyumba bila akiba ya wazee, na mali yao karibu yote ikawa imo ndani ya kuta za nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifuatwa na wakopeshaji wenye mikopo ya riba inayopanda baada ya miaka miwili au mitatu. Wengi walikuwa na sifa ya kupata mkopo wa kawaida, wakauziwa wa ghali. Bei za nyumba zilipoanguka kuanzia 2007, Prince George's iliumia kuliko kaunti yoyote ya Maryland. Deni likawa kubwa kuliko thamani ya nyumba, na maelfu wakapoteza makazi kwa minada. Desemba 2011 kampuni ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335, na Julai 2012 benki ya Wells Fargo ikakubali kulipa isiyopungua dola milioni 175, baada ya Wizara ya Sheria kudai kwamba wateja Weusi na Walatino walitozwa zaidi au kuelekezwa kwenye mikopo mibaya. Kampuni zote mbili hazikukiri kosa. Fedha hizo hazikumrudishia mtu nyumba yake.

Baadhi ya familia za jumuiya yetu zilipitia hayo. Zipo zilizokuwa zimetuma fedha nyumbani kujenga, zikabaki na msingi wa tofali kule na barua ya mnada huku. Tunalitaja kwa sababu vijana wetu sasa wanafikia umri wa kununua, na lugha ya muuza mkopo haijabadilika sana: wanaambiwa kiasi cha kulipa kwa mwezi, hawaambiwi kitakuwa kiasi gani baada ya miaka mitano.

MLANGO UNAOFUNGWA KWA BEI

Hyattsville ya leo inapanda. Stesheni ya Metro iliyofunguliwa mwaka 1993 karibu na maduka makubwa ilibadilishwa jina mwaka 2022 ikaitwa Hyattsville Crossing, na pembeni yake yamepanda majengo ya ghorofa za kisasa. Barabara ya Baltimore, ambako zamani palikuwa na gereji na maduka ya vipuri, ikatangazwa kuwa eneo la sanaa; nyumba mpya zikajengwa, na mwaka 2011 ukafunguliwa mkahawa wa Busboys and Poets. Idadi ya watu wa jiji ilipanda kutoka kama 17,500 mwaka 2010 hadi zaidi ya 21,000 mwaka 2020. Vijana wa Kizungu wenye digrii, waliokimbizwa na bei za Washington, wanarudi katika mitaa ambayo kizazi cha babu zao kiliikimbia. Reli mpya ya Purple Line, kati ya Bethesda na New Carrollton, inapita Langley Park na Riverdale Park, na bei zinaitangulia.

Hatuna ugomvi na majirani wapya. Wengi ni watu wema, na baadhi yao walisimama nasi kubadilisha jina la bustani. Ugomvi wetu ni na hesabu. Zile nyumba za mbao zenye baraza, zilizojengwa kwa makarani wa serikali, leo nyingi zinauzwa kwa zaidi ya nusu milioni ya dola. Muuguzi msaidizi na dereva hawawezi kuzigusa. Familia zetu zinasogea Laurel, Bowie, Waldorf, wengine Pennsylvania. Zamani mlango wa Hyattsville ulifungwa kwa rangi, na aliyefungiwa angeweza kwenda mahakamani akiwa na hati mkononi. Ukifungwa kwa bei, hakuna hati ya kuonyesha wala mtu wa kushtaki. Nyumbani nako ni hivyo: hakuna sheria inayomkataza Mtanzania kujenga Oysterbay au Masaki, lakini wengi wetu tunapita tu.

Mfano wa karibu ni Lakeland, mtaa wa kihistoria wa Weusi mjini College Park, kaskazini kidogo ya Hyattsville. Mpango wa kuuendeleza mtaa katika miaka ya 1970 na 1980 uliwahamisha wengi wa wakazi wake, na wengi hawakuweza kurudi. Mwaka 2020 baraza la jiji liliomba radhi. Radhi ni jambo la heshima, lakini mtaa ulikuwa umekwisha kutawanyika.

LILILO MIKONONI MWETU

Hatumalizi kwa huzuni, maana yapo mambo ambayo waliotutangulia hawakuwa nayo na sisi tunayo.

La kwanza ni kura. Mwaka 2015 Hyattsville iliruhusu vijana wa miaka 16 na 17 kupiga kura katika uchaguzi wa jiji, na Desemba 2016 ikawaruhusu wakazi wasio raia wa Marekani. Ina maana kwamba mama aliyefika juzi na mwanawe wa kidato cha pili wote wanaweza kumchagua meya na madiwani wanaoamua kuhusu viwanja na majengo. Tahadhari ni moja, na ni kubwa: ruhusa hiyo ni ya uchaguzi wa jiji tu. Asiye raia asijiandikishe wala kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo au wa taifa. Kosa hilo linaweza kumharibia makaratasi yote. Aulize ofisi ya karani wa jiji kabla ya kujaza fomu.

La pili ni sheria za makazi. Mwaka 2023 Baraza la Kaunti liliweka kikomo cha muda cha asilimia 3 kwa mwaka kwenye ongezeko la pango, na mwaka 2024 ikafuata sheria ya kudumu yenye kikomo chake. Si majengo yote yanahusika, kwa hiyo ukiletewa barua ya ongezeko usilipe wala usihame kabla ya kuuliza. Kwa aliyenunua, ipo nafuu ya kodi ya jimbo inayoitwa Homestead, inayopunguza kasi ya kupanda kwa kodi ya nyumba unayoishi mwenyewe. Huombwa mara moja tu, na asiyeomba haipati.

La tatu ni letu wenyewe. Tumezoea upatu na michango ya misiba na harusi, na hatujawahi kushindwa kusafirisha mwili wa marehemu wetu hadi nyumbani. Nguvu hiyohiyo inaweza kumsaidia kijana kufikisha malipo ya awali ya nyumba, na kumkalisha mbele ya mtu mzima anayejua kusoma mkataba wa mkopo kabla hajasaini. Wayahudi, Wakorea na Wamarekani Weusi walifanya hivyo kupitia vyama na makanisa yao.

La nne ni watoto. Tuwapeleke North Brentwood kama tunavyotamani kuwapeleka Bagamoyo. Tuwaonyeshe kizuizi cha Windom na bustani ya Driskell. Wakijua kwamba utu wao ulipiganiwa katika mitaa hii na watu wasio ndugu zao wa damu, watajua pia kwamba wanadaiwa kuulinda kwa ajili ya Msalvador na Mkongo anayefika leo na begi moja.

Waasisi wetu walitupa kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Huku ugenini kazi tunaijua vizuri, wengine wetu tuna mbili. Uhuru nao una kazi zake: mkutano wa jiji jioni ya Jumatatu, fomu ya kodi, karatasi ya kura, kikao cha wazazi shuleni. Uchaguzi wa jiji la Hyattsville hufanyika Mei ya kila mwaka wa pili. Tukutane huko pia, tukiwa wengi kama tulivyo ukumbini leo.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru kwa familia zote.